Video imependwa, somo halikushika: jibu kwa mwalimu wa Jiografia

SWALI: Nafundisha Jiografia kidato cha kwanza katika shule ya kata wilayani Pangani. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sabini. Mwaka huu nimeanza kutumia video, picha na muziki kwa kuazima projekta ya shule jirani. Mada ya kupwa na kujaa kwa maji niliiandalia video ya dakika 18 yenye mandhari ya bahari, taarabu ikisikika kwa chini, maandishi kwenye kioo na sauti yangu. Darasa lilichangamka kuliko siku zote. Baadaye nilipotoa jaribio, wengi wakaandika kwamba maji hujaa kwa sababu ya upepo. Tatizo ni video, ni mimi, au ni wanafunzi? Pia bodi ya shule ina fedha kidogo: tununue projekta yetu au tableti chache?

JIBU: Mwalimu, nashukuru kwamba umeandika na yale waliyojibu kwenye jaribio, maana wengi hunieleza tu kwamba wanafunzi "hawakuelewa". Jibu la upepo linatuonyesha pa kuanzia.

Mtoto wa Pangani amekua akiona kusi ikivuma na bahari ikichafuka. Kabla hujaingia darasani kwako alikuwa tayari na maelezo yake kuhusu maji: upepo huyasukuma. Sasa itazame tena video yako kwa macho yake. Mawimbi yanapiga ufukweni, minazi inayumba, tanga la ngalawa limejaa upepo. Wewe unazungumza juu ya mwezi, lakini kila kinachoonekana kinampa ushahidi wa upepo. Video yako imefundisha vizuri sana, ila imefundisha lile aliloamini tangu mwanzo. Hakuna picha inayokaa kimya kwenye somo. Hata ile uliyoiweka iwe pambo inafundisha kitu, na usipoamua ifundishe nini, mwanafunzi ataamua mwenyewe.

Kwa hiyo wanafunzi hawana kosa, na kifaa hakina kosa. Kilichopungua ni uteuzi wa vitu vilivyoingia kwenye video, na hilo linarekebishika.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, na wenzake walifanya majaribio mengi kuona watu wanajifunzaje kwa maneno na picha vikiwa pamoja. Mojawapo ya masomo waliyotumia ni namna radi inavyotokea, mada inayofanana na yako kwa kuwa nayo ni mlolongo wa sababu na matokeo. Mwaka 2000, Mayer na Roxana Moreno walitoa matokeo ya majaribio ambamo somo hilo liliongezewa muziki na sauti za mazingira. Walioongezewa muziki walikumbuka kidogo kuliko wale waliopata picha na maelezo peke yake, na walishindwa zaidi kutumia walichojifunza kutatua maswali mapya. Mwaka uliofuata Mayer na wenzake walionyesha hali kama hiyo kwa vipande vya video vya kusisimua ambavyo havikuwa sehemu ya maelezo yenyewe.

Sababu ni kwamba akili inaweza kushikilia mambo mapya machache tu kwa wakati mmoja. Jicho lina njia yake na sikio lina njia yake, na ndiyo maana picha na sauti zikienda pamoja husaidia. Lakini njia zote mbili ni nyembamba. Taarabu imeshaingia sikioni mwa mtoto, na ni muziki anaoupenda, huenda ni wimbo anaoujua kwa maneno. Sauti yako inapofika inakuta mlango umebanwa. Huku nyuma jicho lina aya ya kusoma na ngalawa ya kutazama.

Taarabu usiifute shuleni. Ipige wanafunzi wanapoingia, au mwishoni wanapokusanya madaftari. Inyamaze pale tu unapoanza kueleza kwa nini maji yanapanda.

Ningekuomba uichukue ile video ya dakika 18 uikate vipande vitatu, kila kimoja kisizidi dakika nne. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2014 na Philip Guo na wenzake, uliochambua mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo ya edX, jukwaa la kujifunza mtandaoni, ulionyesha kwamba muda ambao watazamaji walibaki na video ulikomea kama dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Wale wengi wao walikuwa watu wazima waliojiandikisha kwa hiari yao. Wako ni watoto zaidi ya sabini kwenye chumba cha joto.

Kipande cha kwanza kiwe na dunia na mwezi tu. Mvuto wa mwezi una nguvu zaidi upande wa dunia unaouelekea na ni dhaifu zaidi upande wa pili, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya maji yatune pande zote mbili. Tumia muda wa kutosha hapo, kwa sababu ule uvimbe wa upande wa pili ndio unaowachanganya wanafunzi na hata walimu. Kipande cha pili kiizungushe dunia: kila mahali panapita kwenye uvimbe wa kwanza, kisha wa pili, ndiyo maana Pangani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea katika njia yake wakati dunia inazunguka, duru hiyo huchukua saa 24 na dakika 50 hivi, si saa 24 kamili. Kipande cha tatu ndipo jua liingie. Nguvu ya jua katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi, lakini mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili huvuta kwenye mstari mmoja na tunapata bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana kwa pembe mraba na tunapata maji mafu, yaani maji kupanda na kushuka kidogo tu.

Kwa kazi hii mchoro wa kawaida wenye duara na mishale unashinda picha yoyote nzuri ya bahari. Jina la kitu liandike juu ya kitu chenyewe, usilipeleke pembeni kwenye orodha ambako jicho litakuwa linakwenda na kurudi. Mshale utokee pale unapoutaja, usitangulie na usichelewe. Aya zote za maandishi zitoe, kwa sababu mtoto hawezi kusoma sentensi na kusikiliza sentensi hiyohiyo kwa kasi mbili tofauti.

Kuna jambo moja ambalo linatuhusu sana sisi. Masomo ya sekondari yetu ni kwa Kiingereza, na kidato cha kwanza ndicho mwaka ambao mtoto ametoka kusoma kila kitu kwa Kiswahili. Mayer mwenyewe anakubali kwamba kanuni ya kuondoa maandishi hulegea pale msikilizaji anapofundishwa kwa lugha isiyo yake au istilahi zinapokuwa ngumu. Basi acha maneno matano au sita muhimu yaandikwe kwenye mchoro. Na siku moja kabla ya video, wafundishe istilahi hizo peke yake, kila moja na mwenzake wa Kiswahili. Bahati yenu watu wa pwani ni kwamba Kiswahili kina majina haya tayari na watoto wanayatumia nyumbani: bamvua, maji mafu, kupwa, kujaa. Anayejua bamvua ni nini anahitaji tu jina la pili la kitu anachokijua. Mwanafunzi wa Dodoma angeanza na kitu chenyewe.

Kila kipande kikiisha, zima projekta. Hapa ndipo walimu wengi wanapopoteza faida yote, kwa sababu wanaunganisha kipande kingine papo hapo darasa likiwa bado limechangamka. Zima, kisha waambie wafunge madaftari na kila mmoja achore kwenye karatasi dunia, mwezi na maji kutoka kichwani. Dakika tatu zinatosha. Halafu ndipo warudie kutazama na kujisahihisha.

Kujilazimisha kukumbuka kunajenga kumbukumbu kuliko kutazama tena. Jaribio moja maarufu la jambo hili lilifanywa na Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, likachapishwa mwaka 2008, nalo lilitumia maneno ya Kiswahili: wanafunzi wa chuo nchini Marekani walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, mashua likiwa mojawapo. Walioendelea kujipima kila neno hata baada ya kulijua walikumbuka takriban asilimia 80 wiki moja baadaye. Walioendelea kulisoma bila kujipima tena walikumbuka kama theluthi moja tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuiacha, na dawa yake ni karatasi na penseli.

Nimesema mengi juu ya kupunguza. Sasa nije kwenye kuongeza, maana hamu yako ya kuwachangamsha ni ya haki kabisa, na hapo Pangani una utajiri ambao mwalimu wa bara angeutamani.

Chagua mahali pamoja ufukweni: nguzo ya gati, jiwe, mkoko uliosimama peke yake. Siku ya bamvua, isiyo ya shule, kikundi kidogo cha wanafunzi pamoja na mtu mzima wapige picha mahali hapo kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Simu iwekwe juu ya kitu kisichosogea, na iwe palepale kila mara, vinginevyo picha hazitalingana. Zitapatikana picha 13. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, warudie. Darasani zipitishe haraka, moja baada ya nyingine, na bahari itapanda na kushuka mbele ya macho yao kwa sekunde chache. Halafu weka seti mbili sambamba. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo tofauti na maji mafu itaonekana hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. Kisha uliza swali moja: siku hizi mbili upepo ulikuwaje? Chagua siku zenye upepo unaokaribiana, au hata ile ya maji mafu iwe na upepo mkali zaidi. Mwanafunzi atakapoona upepo upo na maji hayakupanda sana, lile jibu la jaribio litaanza kutikisika bila wewe kulikemea. Upepo huinua mawimbi, na waruhusu waseme hivyo. Kinachotakiwa ni watenganishe wimbi na kujaa.

Kama unaweza kupata siku mbili mfululizo, ni bora zaidi. Waandike saa ambayo maji yalifika juu kabisa leo na kesho. Watakuta kesho yamechelewa, mara nyingi kwa dakika 50 hivi, ingawa hupungua au kuzidi kulingana na siku za mwezi. Hapo ile saa 24 na dakika 50 ya kwenye mchoro inakuwa kitu walichokipima wenyewe.

Kazi ya pili ni ya sauti. Kijijini kwenu wapo watu ambao riziki yao inategemea kujua maji: wavuvi, wakulima wa mwani, akina mama wanaotafuta pweza kwenye miamba maji yakitoka. Wanafunzi wakamrekodi mmoja wao kwa dakika tatu au nne. Waambie wasiulize "maji hujaa kwa nini", kwa sababu swali la namna hiyo huleta majibu ya jumla. Waulize: "Bibi, unajuaje kwamba kesho maji yatatoka sana?" Atawajibu kwa siku za mwezi. Atahesabu tangu mwezi kuandama, na wengine watakwambia kwamba bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, jambo ambalo ni kweli kabisa kwa sababu bahari huchelewa kidogo kuitikia. Mwanafunzi anayesikia hayo kwa sauti ya bibi yake anagundua kwamba kitabu cha Jiografia na watu wa kijiji chake wanazungumzia jambo lilelile. Nimeona katika shule nyingi kwamba mtoto aliyekuwa hainui mkono huanza kuuinua siku sauti ya mtu wa kwao inapopigwa darasani, na sijui kifaa chochote cha kununua kinachofanya hivyo.

Baada ya hapo waache watengeneze wenyewe. Gawa darasa kwa vikundi vya watu sita. Kila kikundi kipewe hatua moja ya maelezo, picha moja au mbili kati ya zile 13, na kazi ya kuandika maelezo yasiyozidi maneno 150, ambayo yakisomwa kwa utulivu ni kati ya dakika moja na mbili. Wewe ukague maandishi kabla hawajarekodi, kwa sababu kosa likishaingia kwenye sauti litasambaa. Simu iwe moja, yako au ya shule, na vikundi vipokezane. Wanafunzi wasilazimishwe kuleta simu ambazo kanuni za shule zinakataza. Rekodi zikipigwa darasani, vikundi vingine visikilize vikiwa na swali mkononi: ni hatua gani imerukwa? Kazi hii inachukua vipindi, najua, na muhtasari unakukimbiza. Lakini mtu hawezi kumweleza mwenzake uvimbe wa upande wa pili bila kukwama pale ambapo hajaelewa, na akikwama huko kikundini utampata mapema kuliko kwenye mtihani.

Kuhusu sauti yenyewe, darasa tupu lenye kuta za saruji lina mwangwi mbaya. Rekodini kwenye chumba chenye vitu laini, kama bweni lenye magodoro au stoo yenye magunia. Simu ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, upande kidogo, ili pumzi isiipige. Zima data na mlio kwanza. Ukiwa ufukweni, msemaji na mwenye simu wauelekeze mgongo upepo unakotoka. Picha yenye ukungu wanafunzi wataivumilia, ila sauti isiyosikika wataiacha.

Usisahau mwanafunzi asiyeona vizuri. Maneno kama "mnaona hapa maji yamefika huku" hayamfai kitu. Sema "maji yamefika kwenye tawi la chini la mkoko", na utashangaa jinsi yanavyowasaidia hata wanaoona. Kwa asiyesikia, maandishi ya kila rekodi, ambayo tayari vikundi vimeyaandika, yachapwe au yabandikwe ukutani pamoja na picha.

Upande wa bando, sauti ndiyo rafiki wa mwenye kipato kidogo. Rekodi ya mazungumzo iliyohifadhiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni takriban kilobaiti 240 kwa dakika, yaani dakika nne hazifiki megabaiti moja. Video ya kiwango cha chini, kwa kilobiti 800 kwa sekunde, inakula megabaiti sita kila dakika. Kwa hiyo unachotaka kiwafikie wazazi kwenye kundi la WhatsApp kiwe sauti na picha mbili tatu. Video ibaki shuleni kwenye memori kadi. Shule yako ikiwa na kompyuta moja inayofanya kazi, tazama Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu bila intaneti. Michoro inayojongea ya sayansi utaipata bure kwa PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, na mingi unaweza kuipakua mara moja ukaitumia mwaka mzima. Picha za mwezi na dunia chukua za NASA, kwa kuwa nyingi ziko huru kutumika kufundishia. Wimbo wenye haki miliki usiuweke kwenye video utakayosambaza.

Pia kuna ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na sura na sauti ya mtoto ni taarifa zake. Kabla kitu hakijatoka nje ya darasa pata idhini ya mzazi kwa maandishi, na usitaje majina kamili. Bibi wa pweza naye aombwe, aelezwe rekodi yake itapigwa wapi, na asikilizishwe kabla. Akisema sehemu fulani itolewe, itolewe.

Nimalizie na fedha za bodi. Tableti chache kwa wanafunzi zaidi ya sabini zitazaa foleni, na baada ya muda zitakuwa kabatini zikisubiri chaja. Projekta ina manufaa, lakini uliza kwanza kama darasa lako linaweza kutiwa giza saa nne asubuhi. Bila mapazia mazito, mchoro wenye mishale myembamba hautaonekana na walio nyuma, na hao ndio unaotaka kuwafikia. Kwa kuwa jirani bado wanakuazima, mimi ningenunua kwanza spika moja nzuri inayochajiwa, memori kadi mbili na kishikio cha simu cha miguu mitatu. Zile picha 13 ningezichapa kwa ukubwa wa A3 na kuzipanga ukutani kwa mstari, ya asubuhi mpaka ya jioni, zibaki hapo muhula mzima, umeme uwepo usiwepo. Fedha itakayosalia iwe ya mapazia. Projekta isubiri bajeti ya mwakani, na utakapoiomba peleka mbele ya bodi rekodi za wanafunzi wako, uwasikilizishe.